Kwa Nini Watu Walishika Silaha? Somo juu ya Maji Maji, Mau Mau na Geita

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu anazungumza pamoja na wanafunzi wa darasa la Segese, mkoa wa Shinyanga. Wanaosikika ni Mzee, Mama, Mkulima wa pamba, na Kijana mchimba dhahabu.

 



MWALIMU: Leo hatutafanya hesabu. Tuna swali moja tu, nalo ni hili: Watu wanapotawaliwa na wageni kwa nguvu, kwa nini siku moja huacha majembe na kushika silaha?

Swali hili si la wazee peke yao. Katika magazeti na redio mnasikia habari za watu wanaopigana na watawala mahali fulani duniani. Mtawala huwaita waasi, au magaidi. Wenyewe hujiita wapigania uhuru. Mtu ni yule yule, na silaha yake ni ile ile, lakini majina yake ni mawili. Jina hutuambia msemaji yuko upande gani. Halituambii sababu. Nasi tuliojifunza kusoma hatuna budi kuuliza sababu.

Tutaanza na vita vya nchi yetu wenyewe, vita vya Maji Maji. Kwanza nitaeleza yaliyotokea. Kisha tutabishana.

Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walianza kuishika nchi hii baada ya mwaka wa 1884. Haikuwa kazi rahisi. Watu wa pwani waliwapiga vita pamoja na Abushiri mwaka wa 1888 na 1889. Wahehe chini ya Mkwawa waliwashinda Lugalo mwaka wa 1891, wakaendelea kupigana mpaka Mkwawa alipokufa mwaka wa 1898. Na karibu na kwetu, Mtemi Isike wa Unyanyembe alipigana nao Tabora. Mwezi wa Januari mwaka wa 1893 ngome yake ilipovunjwa, aliwasha baruti ndani yake kuliko kukamatwa.

Baada ya vita hivyo Wajerumani waliona kwamba nchi imetulia. Mwaka wa 1898 wakaanza kutoza kodi ya nyumba. Mwaka wa 1902 Gavana wao, Götzen, akaamuru watu wa kusini walime pamba katika mashamba ya pamoja. Kisha, mwishoni mwa mwezi wa Julai mwaka wa 1905, watu wa Nandete, katika milima ya Umatumbi karibu na Kilwa, wakaingia katika shamba la pamba. Waling'oa miche ya pamba. Hiyo ndiyo ilikuwa tarumbeta yao ya vita.

Kabla ya hapo, tangu mwaka wa 1904, mtu mmjoja wa Ngarambe aitwaye Kinjikitile Ngwale alikuwa akigawa dawa ya maji. Ilikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mtama. Alisema kwamba mwenye kuinywa au kunyunyiziwa, risasi ya Mzungu itageuka maji. Wajerumani walimnyonga tarehe 4 Agosti 1905. Lakini moto ulikuwa umekwisha kuwaka. Ulienea kutoka upande wa Dar es Salaam na Kilosa mpaka Ungoni. Risasi hazikugeuka maji. Mahenge, mwisho wa mwezi wa Agosti, watu waliikabili bunduki ya mashine wakaanguka kama mtama unaovunwa. Mwaka wa 1907 vita vilikuwa vimezimwa.

Basi, hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa nawauliza ninyi: Sababu ilikuwa nini?

MZEE: Mimi nitaanza, Mwalimu. Sababu ilikuwa uganga. Walidanganywa na mganga. Mtu mwenye akili hawezi kuikimbilia bunduki kwa sababu ya maji na mtama.

MKULIMA: Hapana, Mzee wangu. Ni pamba. Mimi nalima pamba, naijua kazi yake. Unalima, unapalilia, unachuma, mgongo umekwisha. Kama mtu anakulazimisha kulima, halafu pesa anachukua yeye, huhitaji mganga wa kukuambia ukasirike.

MAMA: Ninyi nyote mmesahau chakula. Mwanamume akikaa katika shamba la serikali, nani analima mtama? Nani analinda shamba usiku, nguruwe wasile? Sababu ni njaa.

KIJANA: Mimi nasema ni uhuru tu. Hata kama pamba ingelipwa vizuri, mtu hataki kutawaliwa na mgeni katika nchi yake.

MWALIMU: Ahsanteni. Sasa nitawaambia jambo. Majibu yenu manne yamekwisha kutolewa na watu wakubwa na wenye elimu, nao wamebishana kama ninyi. Tutayapima moja moja.

Jibu la Mzee ndilo alilolitoa Gavana Götzen. Baada ya vita alikwenda kwao akaandika kitabu, kikatoka mwaka wa 1909. Alieleza kwamba vita vilikuwa njama ya waganga na wakubwa wa makabila. Mzee, tazama jibu hilo linamfaa nani. Kama sababu ni uganga, basi Gavana hana kosa. Kodi ni nzuri, pamba ni nzuri, viboko ni vizuri, ila watu ni wajinga. Mtawala akiulizwa kwa nini watu wake wamemwasi, jibu la kwanza humwondolea yeye lawama. Tulisikilize, lakini tulipime mara mbili.

MZEE: Lakini uganga ulikuwapo, Mwalimu. Huwezi kuukana.

MWALIMU: Siukani. Nitaurudia baadaye, maana ulifanya kazi kubwa. Nauliza tu kama ndio ulioanza.

Jibu la Mkulima lilitolewa hata na Mjerumani mwingine, Rechenberg, aliyemfuata Götzen katika ugavana mwaka wa 1906. Yeye aliona kwamba watu walisukumwa na mzigo wa kodi na kazi. Tuuangalie mzigo huo. Shamba la pamba lilikuwa chini ya jumbe na akida. Kila mtu alitakiwa kufanya kazi humo siku kadhaa kila mwaka. Mapato yaligawanywa mafungu matatu: fungu moja la jumbe, fungu moja la chama cha serikali kilichouza pamba, na fungu moja la wafanyakazi wote. Fungu la wafanyakazi likigawanywa kwa vichwa, lilikuwa dogo hata wengine walikataa kulipokea. Na kodi ilibaki pale pale. Asiyefanya kazi alipigwa kiboko.

Jibu la Mama lilikawia kusikika, kwa sababu waandishi wa zamani waliwauliza zaidi wanaume. Mwanahistoria mmoja wa Marekani, Thaddeus Sunseri, alichunguza habari za Uzaramo, akaandika mwaka wa 1997. Alionyesha kwamba wanaume walichukuliwa kwenda kwenye mashamba ya Wazungu na kazi nyingine, na sheria za serikali ziliwabana watu katika uwindaji. Nguruwe wakaongezeka. Wanawake wakabaki peke yao na mashamba yanayoliwa. Kwa hiyo, Mama, huko kwao vita vilianza kwa sauti ya nguruwe gizani.

MAMA: Nilijua. Aliyelala na njaa haambiwi kwa nini amekasirika.

MWALIMU: Na jibu la Kijana lina msemaji mkubwa. Mwaka wa 1956 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York. Aliwaeleza kwamba watu wa Maji Maji hawakupigana kwa kuogopa magaidi wala kiapo cha ushirikina. Walipigana kwa sababu hawakukubali kwamba Mzungu ana haki ya kuwatawala. Aliyasema hayo ili dunia ijue kwamba kudai uhuru hakukuanza na chama chake.

Basi, tuna majibu manne. Tutajuaje lipi ni kweli? Nawapa kipimo kimoja, nacho ni rahisi. Mtu akisema, "Jambo hili lilileta vita," muulize maswali mawili. La kwanza: Je, jambo hilo lilikuwapo mahali ambapo vita havikutokea? La pili: Je, vita vilitokea mahali ambapo jambo hilo halikuwapo?

KIJANA: Hapo tumefika kwetu, Mwalimu. Sisi huku hatukuinuka.

MWALIMU: Umesema vema. Wasukuma, Wasumbwa na Wanyamwezi hawakuingia katika vita vya Maji Maji. Je, hawakupenda uhuru? Isike alijilipua kwa baruti. Je, huku hapakuwa na kodi? Ilikuwapo. Je, Wahehe hawakupenda uhuru? Walipigana miaka saba na Mkwawa. Lakini mwaka wa 1905 Wahehe wengi walisimama upande wa Wajerumani. Kwa hiyo kupenda uhuru kulikuwapo kila mahali, na vita havikuwapo kila mahali. Kupenda uhuru ni kweli, lakini hakutoshi kueleza.

MKULIMA: Basi pamba. Huku hatukulazimishwa mashamba ya pamoja kama kule.

MWALIMU: Ni kweli, na hiyo ni nguvu ya jibu lako. Lakini lipime kwa swali la pili. Wangoni wa Songea walipigana vikali sana, na kwao si pamba iliyokuwa kisa kikubwa. Kwao watawala walikuwa wamenyang'anywa nguvu zao za zamani, na wakubwa walikuwa wamegeuzwa wadogo. Tena Jamie Monson, mwanahistoria mwingine, alionyesha kwamba katika nyanda za juu za kusini urafiki na uadui wa zamani kati ya watawala uliamua nani ajiunge na nani akatae. Kwa hiyo vita vilikuwa vimoja kwa jina, lakini kila nchi iliingia na kidonda chake.

MZEE: Mwalimu, ukiendelea hivi tutatoka bila jibu.

MWALIMU: Hatutatoka bila jibu, Mzee. Tutatoka na jibu lenye sehemu tatu. Andikeni katika vitabu vyenu.

Sehemu ya kwanza ni MZIGO. Ni jambo linalowaumiza watu kila siku: kodi, kazi ya lazima, ardhi iliyochukuliwa, njaa, heshima iliyovunjwa. Pamba, nguruwe na utawala ulionyang'anywa, yote ni mizigo.

Sehemu ya pili ni MLANGO. Mtu anayeumizwa hutafuta pa kushtaki. Kule Umatumbi angeshtaki kwa nani? Akida ndiye aliyesimamia kazi. Akida ndiye aliyekusanya kodi. Na akida huyo huyo ndiye aliyesikiliza kesi. Ukishtaki kwa mtu aliyekupiga, unaongeza viboko. Mlango ulikuwa umefungwa.

Sehemu ya tatu ni KAMBA. Watu elfu wenye hasira, kila mmoja nyumbani kwake, hawafanyi vita. Lazima kuwe na kitu cha kuwafunga pamoja. Hapo ndipo penye uganga wako, Mzee. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni, hawakuwa na mtawala mmoja, na wengine walikuwa maadui. Maji yaliwapa jambo moja la kuamini na siku moja ya kuanza. Lakini kamba haizai mzigo. Inaufunga tu. Kama Kinjikitile angegawa maji yake kwa watu walioshiba na kusikilizwa, wangeyanywa wakaenda zao kulala.

MZEE: Hapo nimekuelewa. Basi hawakuwa wajinga.

MWALIMU: Walikuwa watu walioona bunduki za Wajerumani wakazijua. Ndiyo maana walihitaji dawa.

Sasa tulijaribu jibu letu mahali pengine, maana jibu la kweli halifi likivuka mpaka. Twende Kenya.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya Waingereza nchini Kenya ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau. Wapiganaji walikuwa msituni, katika mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Magazeti ya Waingereza yaliwaita magaidi. Mwaka wa 1954 serikali ilitoa taarifa ya daktari wa akili, Carothers, aliyeeleza vita hivyo kana kwamba ni matata ya roho ya Mwafrika aliyechanganyikiwa na maisha mapya. Je, mnalitambua jibu hilo?

KIJANA: Ni lile lile la Gavana wa Wadachi. Kosa ni la kichwa cha mtawaliwa.

MWALIMU: Sawasawa. Sasa tumieni sehemu zetu tatu. Mzigo ulikuwa nini? Ardhi. Nyanda za juu zilizo nzuri zilitengwa kwa masetla wa Kizungu. Wakikuyu wengi waliishi humo kama maskwota, nao baada ya vita vya pili vya dunia walibanwa na kufukuzwa. Mlango je? Walikuwa na chama, KAU, kilichopeleka maombi miaka mingi bila kujibiwa. Usiku ule wa hali ya hatari viongozi wake, pamoja na Jomo Kenyatta, walikamatwa. Wengi waliokuwa hawajaingia msituni wakaona sasa hakuna njia nyingine. Na kamba yao ilikuwa nini?

MAMA: Kiapo.

MWALIMU: Ndiyo, kiapo. Kule maji, huku kiapo. Sehemu zote tatu zipo.

Sasa turudi karibu na nyumbani. Hapa Segese mkishika barabara ya kaskazini mnafika Geita. Huko, mwaka wa 1958, palitokea jambo ambalo kila mwanafunzi wa darasa hili anapaswa kulijua, kwa sababu ndilo kipimo kizuri kuliko vyote.

Waingereza walikuwa wamewawekea Wasukuma sheria nyingi za kilimo. Ng'ombe wapunguzwe. Matuta yafungwe namna hii. Mihogo ilimwe kiasi hiki. Asiyefanya alitozwa faini. Ng'ombe kwa Msukuma mnajua ni nini.

MZEE: Ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni heshima. Kumwambia mtu apunguze ng'ombe ni kumwambia apunguze watoto.

MWALIMU: Na juu ya hayo serikali ikataka kuleta Geita baraza la wilaya la watu wa rangi zote, mahali ambapo karibu watu wote ni Waafrika. Watu wakakataa. Na chama cha TANU kilikuwa kimekatazwa katika Usukuma tangu mwaka wa 1954. Mzigo ulikuwapo, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Basi kwa kipimo chetu vita vingeweza kutokea.

Lakini watu wa Geita hawakushika mikuki. Walikusanyika, wakatembea kwa miguu mpaka Mwanza kumwona mkubwa wa jimbo. Walikaa pale wakingoja kusikilizwa. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi, na wengine walitiwa ndani. Watu wengine wakaja nyuma yao, wengi zaidi. Kabla mwaka haujaisha serikali ilianza kulegea. TANU iliruhusiwa tena Usukuma. Lile baraza likaachwa, na sheria zile za kulazimisha zikakoma kushikwa kwa nguvu.

MKULIMA: Kwa nini hawakupigana, Mwalimu? Wasukuma si waoga.

MWALIMU: Hilo ndilo swali. Si woga. Walikuwa na milango mingine. Wakulima wa pamba walikuwa na vyama vyao vya ushirika, vilivyounganishwa mwaka wa 1955 katika muungano mkubwa wa VFCU chini ya Paul Bomani. Humo walijifunza kuweka hesabu, kuchagua viongozi na kuandika barua. Tena Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuja kila baada ya miaka kadhaa kusikiliza watu, na Mwingereza alijua kwamba akiua watu Mwanza, ataulizwa New York. Na kamba yao ilikuwa chama na ushirika. Mtumatumbi wa mwaka wa 1905 hakuwa na hata kimoja katika hivyo.

KIJANA: Basi unasema mlango ukiwa wazi, hakuna vita?

MWALIMU: Nasema mlango ukiwa wazi hata kidogo, watu wengi huchagua kupita mlangoni kuliko kuvunja ukuta. Sisemi kila mlango ukifungwa vita huja. Watu waweza kunyamaza miaka mingi. Lakini mtawala asidhani kimya ni ridhaa. Mwaka wa 1904 Umatumbi palikuwa kimya.

MAMA: Mwalimu, mimi nina swali gumu kidogo. Tukisema watu walikuwa na sababu, je, tunasema kila walilofanya ni halali?

MWALIMU: Mama, nilitaka mtu aulize hilo. Nisikilizeni vizuri, ninyi nyote mlioko madarasani. Kueleza sababu na kuhalalisha ni mambo mawili. Mganga wa hospitali akieleza jinsi homa inavyomwingia mtu, hajaisifu homa.

Tarehe 14 Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji walimwua Askofu Cassian Spiss njiani, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Masista wale hawakuwatoza watu kodi. Tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau walishambulia Lari, wakaua wanawake na watoto, na nyumba zikachomwa watu wakiwa ndani. Watoto wale hawakunyang'anya shamba la mtu. Ukijua uchungu wa ardhi, unaelewa hasira. Hata hivyo mtoto wa Lari hakuwa na hatia. Yote mawili ni kweli, nasi tuyashike pamoja.

Na kipimo hicho hicho tukiweke juu ya mtawala, maana wengi husahau. Neno "gaidi" hupewa mwenye mkuki. Lakini kazi ya kutisha raia ili washike amri hufanywa pia na mwenye sare. Usiku ule ule wa Lari, askari na walinzi wa upande wa serikali walilipiza kisasi, wakaua wengi. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa mpaka kufa. Serikali kwanza ilitangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Na katika Maji Maji, Wajerumani walipoona hawawezi kumpata kila mpiganaji porini, walichagua njaa. Walichoma vijiji, walichoma maghala, walichukua mifugo, waliharibu mashamba ili pasiwe na kupanda. Kuna methali yetu isemayo, "Adui mwombee njaa." Wao hawakuomba. Waliitengeneza.

MAMA: Na njaa haichagui mpiganaji.

MWALIMU: Haichagui. Huanza na watoto na wazee. Wajerumani wenyewe walikadiria kwamba watu 75,000 walikufa. Gilbert Gwassa, mwanahistoria wa nchi yetu aliyezunguka Umatumbi na Kilwa akiwauliza wazee walioyaona, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Upande wa Wajerumani walikufa Wazungu 15 na askari weusi 389.

MZEE: Mwalimu, hao askari weusi walitoka wapi?

MWALIMU: Mzee, wewe unajua.

MZEE: Najua. Lakini nataka vijana wasikie.

MWALIMU: Walitoka Sudani, walitoka Manyema, na wengine walitoka huku, Unyamwezi na Usukuma. Wengine katika waliochoma maghala ya Wangindo walizaliwa si mbali na hapa. Waliingia kazini kwa mshahara, na kwa bunduki, na kwa sababu mtu mwenye sare hakuchapwa hovyo kama wengine. Hao nao walikuwa na sababu zao. Tukiwauliza watu wa kusini kwa nini walipigana, tujiulize na sisi kwa nini wengine wetu walikubali kulipwa ili kuwapiga.

KIJANA: Hilo shuleni sikufundishwa.

MWALIMU: Ndiyo maana uko hapa leo.

Mambo haya hayajafungwa. Tarehe 27 Februari kila mwaka watu hukumbuka pale Songea mashujaa 67 walionyongwa siku hiyo mwaka wa 1906. Mwaka wa 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso ya wakati wa Mau Mau, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha. Ilipita zaidi ya miaka mia moja. Waliokuwa wakiitwa waasi ndio walioombwa msamaha, lakini si wao waliousikia. Walikwisha kufa.

Basi, wakati wetu unakwisha. Ukisoma katika gazeti kwamba mahali fulani magaidi wameinuka, usiseme haraka, "Wabaya," wala usiseme haraka, "Mashujaa." Uliza mambo manne. Mzigo wao ni upi? Walikuwa na mlango wa kushtaki, na nani aliufunga? Kamba yao ni ipi? Na la nne, damu ya nani imemwagika ambayo haikuwa na hatia, na kila upande?

Na mkiwa viongozi wa kijiji, wa chama cha ushirika, au wa kikundi cha wachimbaji, jiulizeni kwa makini lile la pili. Mkutano wa kijiji ambao mtu husimama akalalamika, akasikilizwa, akajibiwa, ni mlango. Msiufunge kwa sababu mlalamikaji ana maneno makali.

Sasa zimeni redio, mzungumze wenyewe juu ya maswali yafuatayo. Kwaherini mpaka somo lijalo.

DARASA: Kwaheri, Mwalimu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Gavana Götzen alisema sababu ya vita ni uganga. Jibu hilo lilimfaa nani? Je, uganga ulikuwa na kazi gani hasa?

2. Taja mizigo mitatu iliyowaumiza watu wa kusini kabla ya mwaka wa 1905. Ni upi uliowaumiza wanawake zaidi?

3. Watu wa Geita mwaka wa 1958 walikuwa na milango gani ambayo Wamatumbi hawakuwa nayo?

4. Je, mtu mwenye sababu nzuri aweza kufanya jambo baya? Toa mfano mmoja kutoka kila upande.

5. Waulizeni wazee wa nyumbani: Katika ukoo wenu kuna aliyekuwa askari au mpagazi wa Wadachi? Andikeni mistari mitano juu ya yale mnayoambiwa, na mlete darasani.

MANENO YA KUJIFUNZA

Akida: mtu aliyewekwa na serikali ya Wajerumani kuwasimamia majumbe na watu wa sehemu yake.

Jumbe: mkubwa wa kijiji au wa eneo dogo chini ya akida.

Kodi ya nyumba: fedha iliyotozwa mtu kwa kila nyumba aliyokuwa nayo.

Hali ya hatari: wakati ambapo serikali hujipa uwezo wa kukamata na kufunga watu bila njia za kawaida za sheria.

Setla: Mzungu aliyekuja kukaa na kulima katika ardhi aliyopewa na serikali ya kikoloni.

Skwota: mtu aliyeruhusiwa kuishi katika shamba la setla kwa masharti ya kumfanyia kazi.

Nchi ya udhamini: nchi iliyowekwa chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na nchi nyingine mpaka ijitawale.